Kuangalia Mji Unaoelea

Tangu nirudi Issuna sijakwenda kuchota maji nikarudi mapema hata mara moja. Kila mtu ananisimamisha njiani. "Mama Elia, hebu tupe habari za meli." Nasimulia, kesho yake nasikia maneno yangu yamefika Ikungi yameota mikia, eti nimelala chini ya bahari na samaki wananiamkia shikamoo. Nimechoka. Nyie wenzangu wa kikundi cha kukamua alizeti mlisema niandike, anayeweza asome, asiyeweza asomewe. Haya, nimeandika kwa mkono wangu. Anayecheka mwandiko aje tushindane kupalilia.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini, maana wapo wanaodhani nilikwenda kupunga upepo.

Felista ni binti wa mwanangu Elia, lakini nimemlea mimi. Alipomaliza chuo cha ufundi alishuka pwani, tukajua anachomelea mageti kama wenzake. Kumbe yuko melini, fundi wa mitambo, analala humo humo. Elia alipopata habari alikataa katakata. Binti yake hawezi kuishi ndani ya chuma kisicho na jirani, katikati ya maji, na wanaume asiowajua kwao. Arudi. Felista akajibu kwamba harudi ng'o. Baba na binti wakanyamaziana. Mwaka ukapita, hata salamu zao zikawa zinapitia kwangu, nami nikawa kama uwele kati ya mawe mawili.

Siku moja nikasema basi. Kwetu binti akiposwa, mwanamke mzima hutumwa kuangalia mji anakokwenda. Nikawaambia: nitakwenda kuuangalia huo mji wa chuma. Nikiukubali, Elia atafunga mdomo. Nikiukataa, Felista atafunga mzigo. Wote wawili walikubali haraka, kila mmoja akijua bibi yuko upande wake.

Vijana mlioingia kwenye ukoo wetu juzi, ngoja niwaeleze. Anayekwenda kuangalia mji hasemi amefuata nini. Akisema, watamfagilia uwanja na kuazima sufuria kwa jirani. Anafika kama mgeni, anatazama maji, anatazama moto, anatazama akiba, anatazama watu. Na hali. Maji atakunywa, maji ni ya Mungu, lakini chakula cha mji ule hakipiti kooni mpaka awe ameamua. Akila, hata kijiko kimoja, amekubali, na neno limekwisha.

Ndiyo maana Elia aliponipandisha basi aliniambia, "Mama, nikikupigia sitauliza mengi. Nitauliza umekula au hujala."

Issuna hadi Dodoma

Nilibeba kuku wa kukaanga mzima, viazi vitamu vya kuchemsha na karanga za kutosha kulisha harusi. Nilipiga hesabu kichwani: hicho ndicho chakula changu mpaka niamue.

Basi halikujua hesabu zangu. Tulipoipita Manyoni na kushuka ule mteremko, likapiga mluzi kama birika, likasimama. Dereva akafungua boneti, akatazama ndani, akafunga. Akafungua tena. Mtu anayetazama injini namna hiyo anaomba, hatengenezi.

Tukakaa kwenye kivuli cha basi lenyewe, kivuli kinahama na sisi tunahama. Karibu yangu alikaa mwanamke wa Sekenke na watoto wake wawili, mmoja mgongoni, mmoja wa kutambaa. Huyu wa kutambaa alinusa kapu langu, akalishika, akanitazama machoni. Sijui nyie, lakini mimi siwezi kula kuku mbele ya mtoto anayenitazama. Nikampa paja. Mama yake akasema, "Mama, utabaki na nini?" Nikamwambia kula. Jua lilipoinama, kuku alikuwa mifupa na viazi vimekwisha.

Mwanamke yule anapikia wachimbaji wa dhahabu. Nilimwambia nakwenda kuangalia mji ulio majini, nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Watu wanazoea popote, mama. Kwetu wanaume wanashuka shimoni kama panya, na wanaishi."

"Nyie wa juu mnajuaje kama wote wametoka?"

"Mimi? Mimi najua kwa sahani. Nikimaliza kupakua, sahani iliyobaki imefunikwa, mwenyewe bado yuko chini. Silali mpaka ije ichukuliwe."

Basi likawaka, kila mtu akakimbilia nafasi yake. Sikumwona tena vizuri mpaka Dodoma, aliposhuka na wanawe huku yule wa kutambaa bado ananipungia mfupa.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Treni hii mpya inakwenda kwa umeme. Nilitafuta moshi sikuuona, nilitafuta mlio sikuusikia. Mara nyumba zikaanza kurudi nyuma, nami nikadhani mwili wangu una hitilafu. Sauti ya msichana ikatukaribisha kutoka darini. Nikaitikia, "Asante, mwanangu." Kijana wa pembeni akajifunika uso na kofia, mabega yanamcheza. Sijali. Kukaribishwa bila kuitikia ni tabia ya mbuzi.

Milima ikatumeza, tukapita ndani yake gizani, ikatutapika upande wa pili. Nilikumbuka marehemu mume wangu alivyokuwa akisema Dar es Salaam ni mbali. Nikamwambia moyoni, baba Elia, wameisogeza.

Felista alinipokea stesheni amevaa ovaroli ya buluu, kucha nyeusi kwa mafuta. Akapiga goti mbele ya watu wote na ovaroli yake. "Shikamoo, bibi." Nikamwitikia, nikamshika mikono, nikaitazama. Ilikuwa migumu kama yangu. Hakuniuliza habari za baba yake, akabeba kapu. Lilikuwa jepesi, akanitupia jicho. Huyu nimemlea mimi, anajua kuangalia mji kukoje, na alijua kapu jepesi maana yake nini. Bibi atashinda njaa.

Bandarini

Niliona meli, nikasema kweli hii ni kubwa, imelizidi kanisa letu mara nyingi. Felista akasema, "Hiyo si yetu, bibi. Yetu ni ile ya nyuma yake."

Nyuma yake kulikuwa na kitu kama ndama aliyepotelea kwenye kundi la tembo. Nyeupe, mstari wa kijani kiunoni, bomba moja fupi la moshi. Inaitwa Subira. Inabeba watalii wachache, wengi wazee wenzangu wa Kizungu wenye kofia pana, inawapitisha visiwani mpaka Kilwa na kuwarudisha. Wafanyakazi wanaruhusiwa kumleta ndugu mmoja safari moja kwa mwaka, na Felista alikuwa hajawahi kuleta mtu.

Tukapanda, tukakaa. Haiendi.

"Tunangoja nini?"

"Maji, bibi."

Nikaitazama bahari, imejaa mpaka inapogusana na mbingu. "Na haya?"

"Yajae zaidi."

Nimetoka nchi ambayo tunafukua mchanga wa mto kupata ndoo moja. Sasa nimekaa juu ya maji yote haya naambiwa hayatoshi.  Lakini kuangalia mji ni macho, si mdomo.

Mpishi wao anaitwa Shabani, mtu wa Tanga, mnene, anaongea kama anayeimba. Alikuja na sahani ya wali wa nazi na samaki. "Bibi wa Felista ni mama yetu sote. Karibu, starehe."

"Nimeshiba safari, mwanangu."

Felista alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akatazama sahani, akashuka zake kwenye mitambo.

Ndani ya Subira

Nahodha, mtu wa Pemba mwenye ndevu nyeupe na viatu vilivyopigwa rangi, aliniuliza ningependa kuona nini. Nikamwambia kila kitu. Akacheka, kisha akaona sichezi, akanitembeza.

Nimeuliza kama ninavyouliza kwenye mji wowote. Maji ya kunywa yanatoka wapi? Akanionyesha mtambo mdogo kama kabati, akasema unanyonya maji ya bahari na kutoa maji matamu. Nikaonja ya bahari kwenye kidole, nikatema. Nikaonja ya bombani, matamu kama ya mvua ya kwanza. Nilisimama pale mpaka nahodha akakohoa. Wanawake wa Issuna, nilifikiria migongo yetu.

Akiba iko wapi? Chini, kwenye chumba cha baridi. Kuna mchele, vitunguu, na vitunguu vyenyewe vimetoka Singida, nilivijua kwa wekundu. Moto uko wapi? Hapo aliniachia Felista.

Tukashuka ngazi iliyosimama wima kama ya kupandia kihenge. Joto likanipokea. Mitambo miwili imelala ubavu kwa ubavu kama fahali, inanguruma mpaka meno yangu yanacheza. Felista aliweka kiganja juu ya mmoja, kama unavyompapasa ng'ombe unayemkamua, akainama kusikiliza. Akachukua spana, akakaza kitu, akasikiliza tena. Akatabasamu peke yake. Sura ile niliiona mara ya mwisho alipokuwa mdogo, ananisaidia kushona vibuyu.

Historia ya chombo alinisimulia nahodha baadaye, tumekaa juu, upepo unavuta kitenge changu.

"Imezaliwa nchi ya baridi, mama. Visiwa vidogo vidogo, havina gati. Kazi yake ilikuwa kubeba watu, mizigo na kondoo."

"Kondoo?"

"Kondoo. Hivi vikulabu ukutani, wageni wanavyotundikia kofia, ni vya kufungia kondoo."

Kiburi changu kikapungua kidogo. Meli iliyowahi kuwa zizi siwezi kuidharau.

Akasema ilipozeeka iliuzwa, ikaja huku kwetu kubeba saruji na nazi. Ikachoka. Ikasukumwa kwenye mikoko, ikaachwa mpaka kaa wakawa wanaingia na kutoka mlangoni kama wenye nyumba. Ndipo tajiri mmoja akaiona. Alitaka iwe ya wageni, lakini ilikuwa fupi. Wakaivuta nchi kavu, wakaikata katikati kama mkate, wakazitenga nusu mbili, wakaweka kipande kipya katikati yake na kuziunga.

"Kama mtu kukatwa kiuno akaongezwa urefu," nikasema.

"Ndivyo. Na mshono wa upande wa kushoto ameuchomelea huyu mjukuu wako. Ndiyo kazi aliyoanzia hapa."

Nilitaka kuuona. Felista akanipeleka ndani, akasogeza ubao, akanionyesha. Mstari mnene wa chuma unapanda kutoka sakafuni mpaka darini, umelala sawa kama msuko. Nikaupitisha kidole. Pembeni, kwenye bati la zamani, palikuwa na ufa ulioponywa, na mwisho wa ufa kuna alama ndogo ya duara.

Nyie mnaijua ile duara. Kibuyu kikipasuka, kabla hujashona unatoboa tundu kwenye ncha ya ufa, ufa ukifika pale unakosa njia. Nikamwuliza Felista kama aliwafundisha yeye.

"Hapana, bibi. Mafundi wa chuma dunia nzima wanafanya hivyo."

Kumbe watu waliotengeneza meli na mama yangu aliyeshona vibuyu waliambiwa siri moja, na hawakuwahi kuonana.

Lakini bado sikuwa nimeona watu wanaishije. Chuma kizuri kinaweza kukaa na watu wabaya.

Njia ya Mafia

Bahari ikaamka. Meli yenye tumbo bapa haikati mawimbi, inayapanda na kuyateremka kama punda asiye na haraka. Mimi nikafa. Karanga zangu za mwisho zilikwenda baharini, na utumbo ukataka kuzifuata.

Shabani akaja na chai ya tangawizi. Nikakataa. Akaja na uji mwepesi. Nikakataa. Akasimama mbele yangu, ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Mama, nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Ni dini? Sisi hapa wa kila aina, wala..."

"Nimekula kuku wa Waislamu maisha yangu yote."

"Basi unaogopa nitakulisha kitu?"

Hapo niliumia. Mtu kupika na kushukiwa uchawi ni jambo zito, na sikuweza kumwambia ukweli. "Mwanangu, acha tu. Tumbo langu lina mambo yake."

Akaondoka bila kuimba. Nikasikia akimwambia mtu kule jikoni, "Bibi yule atatufia humu, halafu Felista atatutazama vipi?" Felista mwenyewe alipita na kopo la mafuta, macho yake yamevimba. Alikuwa amesubiri tangu bandarini nitie kitu mdomoni. Hakuniomba. Angeomba ningekasirika, lakini siku ile nilitamani aombe.

Bahari ilipoondoka

Asubuhi niliamka nikaona kimya. Haitikisiki. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Bahari haikuwepo.

Nasema haikuwepo. Mchanga umetandazwa mpaka mbali, unang'aa kama bati jipya, na Subira imekaa juu yake wima, imetulia kama kuku anayeatamia. Nilipiga magoti nikaanza Baba Yetu. Nahodha akaja mbio.

"Mama, usiogope. Ni bamvua, maji yamekupwa sana. Tumeikalisha makusudi, wageni wakatembee. Si nilikwambia ilikuwa inashusha kondoo?"

Ndiyo, aliniambia, lakini kuambiwa si kuona. Nikateremka ngazi, nikavua kandambili. Nikakanyaga sakafu ya bahari, mimi, mke wa mkulima wa uwele. Ilikuwa baridi na ina mikunjo kama ngozi ya tumbo langu. Kaa walinipisha. Mahali ambapo jana lilipita wimbi refu kuliko mtu, niliokota konokono kwa mkono.

Nikafanya kile ninachofanya kwenye kila mji: nikauzunguka. Nimeangalia nyumba nyingi, sijawahi kuona chini ya msingi wa yoyote. Hii niliiona. Tumbo pana, na kila upande ubavu mrefu wa chuma umechomoza chini kama mguu wa kigoda, ndio unaoizuia isipinduke. Nyuma kuna mapanga mawili ya shaba makubwa, yale yanayosukuma meli, yamefungwa ndani ya vizimba vya chuma yasichimbe mchanga. Aliyeifikiria hii alikuwa ameketi na watu wa visiwani akawauliza shida zao. Niligusa tumbo lile kwa kiganja, lilikuwa na jasho la chumvi.

Felista alikuwa amelala chali chini kabisa, anasafisha tundu ambalo meli inavutia maji ya kupoza mitambo. Limezibwa na majani ya bahari. Niliona miguu tu.

Kengele ya chakula ikalia. Wageni wakapanda, mabaharia wakapanda. Mimi nikapanda nikaketi mlangoni mwa jikoni, maana harufu pekee ndiyo niliyojiruhusu. Mbali kabisa mstari mweupe wa maji ulikuwa umeanza kurudi.

Kijana wa kugawa chakula alinyoosha mkono kwenye kipande kikubwa cha samaki kilichobaki. Shabani akampiga kidole na mwiko.

"Hicho cha Felista. Hajatoka chini."

"Si atakuta kingine?"

"Atakuta hicho. Na wewe toka kamwambie Musa akae juu ya ngazi, asiondoke mpaka mtoto apande. Maji yanarudi."

Akaweka kipande kwenye sahani, akafunika kwa sahani nyingine. Pembeni yake palikuwa na sahani ya pili, imefunikwa vile vile.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Yako, mama."

"Mimi sili."

"Najua huli. Nafunika tu. Jana nimefunika, na siku ile tulipongoja maji nimefunika."

"Unafunika ya nini chakula cha mtu anayekataa?"

Alinigeukia, jasho linamtiririka, amechoshwa nami. "Sasa mtu wa nyumbani hajala, nitaacha wazi inzi waingie?"

Nikamkumbuka yule mwanamke wa Sekenke. Nikanyanyuka.

"Lete maji ninawe."

Alileta bila kuelewa. Mnanijua mimi na samaki wa bahari, nilikuwa nasema wananuka kama kitambaa kibichi. Nikafunua sahani. Nikamega. Chumvi, nazi, na mfupa mmoja mkorofi. Nikala kama mtu aliyetoka kulima, na Shabani amesimama na mwiko mkononi hajui acheke au akae.

Felista akatokea mlangoni, amelowa mpaka kifuani, majani ya bahari nyweleni. Aliona mkono wangu kwenye sahani. Akashika fremu ya mlango.

"Bibi?"

"Nawa ukae," nikamwambia kwa Kinyaturu. "Chakula kinapoa."

Alikaa sakafuni karibu na miguu yangu kama zamani, akala, machozi na mchuzi pamoja. Chini yetu maji yalifika. Meli ikatikisika mara moja, taratibu, kama ng'ombe anayeanza kuamka, ikanyanyuka.

Simu

Safari ya kurudi sina la kusimulia, nililala kuanzia treni mpaka basi na hakuna kilichoharibika. Nimalizie na Kilwa, tulikotia nanga baadaye, maana ndiko mtandao uliposhika na simu yangu ikalia.

"Mama," Elia alisema. Nikasikia upepo wa Issuna nyuma yake, na jogoo wangu. "Umekula?"

"Nimekula."

Jogoo akawika tena.

"Umekula nini?"

"Samaki."

"Wewe huli samaki."

"Nimekula wawili, Elia. Na kichwa."

Mwanangu namjua, alikuwa anakuna kichwa kwa kidole gumba.

"Yupo hapo?"

"Yupo. Ana grisi mpaka kwenye nyusi."

"Mpe simu."

Nikampa. Felista aliishika kwa mikono miwili, akaibana sikioni, hakusema lolote, na upande wa pili hakukusemwa lolote. Mwaka mzima wa kunyamaziana si kitu cha kufunguliwa kwa mara moja. Nikageuka nitazame bahari nisiwe karibu mno, lakini simu yangu ina sauti kubwa, mnaijua, nikamsikia mwanangu akijikohoza.

"Na wewe," akasema, "umekula?"